Tuambieni Dola Zetu Zilibadilishwa kwa Ngapi

Kila mwaka bonasi ya chai, yaani salio la malipo ya majani, inapotangazwa, Kericho na Bomet hupokea jibu lile lile. Mkulima akiuliza kwa nini pesa zimepungua, anaambiwa dola imeshuka. Wakurugenzi wa kiwanda wanasema hivyo, maafisa wanaitikia, wanasiasa wanapiga kelele ya wiki mbili, kisha watu wanarudi shambani. Swali la maana halijaulizwa: dola zetu zilibadilishwa siku gani, katika benki gani, na kwa shilingi ngapi?

Kwamba dola ilishuka ni kweli. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa imeteremka hadi karibu shilingi 129, na mwaka wa 2025 ikabaki papo hapo. Mnada wa Mombasa umekuwa ukiuza chai kwa dola tangu 1992, kwa hiyo shilingi inapopata nguvu, mwenye majani hupata noti chache. Hilo linaeleweka hata kwa mtoto wa shule ya msingi.

Lakini jibu la kweli likitolewa nusu linaweza kuficha mambo mengi. Bonasi huweza kushuka kwa sababu bei ya mnada ni duni, kwa sababu kiwanda kina madeni, kwa sababu gharama zimepanda, au kwa sababu dola zilikaa mahali fulani zikabadilishwa vibaya. Mambo hayo yote yakitupwa kwenye gunia moja na kuandikwa "dola" kwa nje, hakuna wa kuulizwa.

Tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Tuseme kilo hiyo imeuzwa Mombasa kwa dola 2.20. Dola ikiwa shilingi 160, hizo ni shilingi 352, yaani shilingi 78 kwa kila kilo ya majani mabichi kabla gharama hazijatolewa. Dola ikiwa 129, ni shilingi 284, yaani 63 kwa kilo ya majani. Shilingi 15 zimeondoka, na mchumaji hajakosea kitu.

Sasa tazama jambo dogo zaidi, ambalo halitangazwi kwenye taarifa ya habari. Kwa bei hiyo hiyo, benki ikinunua dola za kiwanda kwa shilingi moja chini ya ilivyowezekana kupatikana siku hiyo, mkulima anapoteza karibu senti 49 kwa kila kilo ya majani. Anayepeleka kilo 3,000 kwa mwaka amepoteza karibu shilingi 1,470. Zidisha kwa wakulima wote wa kiwanda kimoja. Pesa hizo zimekwenda bila wizi kutajwa na bila sheria kuvunjwa. Zimekwenda kwa sababu hakuna aliyelazimika kuonyesha karatasi.

Tazama jinsi mwanzo wa safari ya majani ulivyo wazi. Mama anafika kituo cha kununulia chai na gunia lake. Karani ananing'iniza gunia kwenye mizani ya elektroniki, tarakimu zinaonekana, mashine inatoa risiti, na mama anaisoma pale pale. Kilo ikipungua robo, atabishana mpaka ipimwe tena. Ana haki, na karani anajua ana haki. Majani yanapanda lori, yanasagwa, chai inafungwa na kupelekwa maghala ya Mombasa, dalali anaiweka kwenye mnada, mnunuzi analipa kwa dola. Kisha, baada ya miezi, kinachomrudia mama ni shilingi tupu. Kilo alizipima mbele ya macho yake. Pesa zimepimwa mahali asipopajua.

Wala si kwamba mkulima wetu hajui habari za fedha za kigeni. Binti yake akimtumia pesa kutoka Doha, simu inamwonyesha binti kiwango cha kubadilisha na ada kabla hajabonyeza. Bili ya stima nayo ina mstari wake wa tozo la fedha za kigeni, hata kama umeme wenyewe ni wa taa tatu na redio. Kwa hiyo dola ikimgharimu, anaandikiwa. Dola ikiwa ni mali yake, haandikiwi. Mpangilio huo hauna utetezi.

Ukimtuma mtoto dukani na noti ya shilingi elfu moja, akirudi atakuambia sukari ni ngapi na kukupa chenji. Akinyoosha mkono na sarafu mbili huku akisema tu kwamba bidhaa zimepanda, utamrudisha akalete risiti. Viwanda vyetu vimetumwa sokoni na wakulima. Vilete risiti.

Dawa ni rahisi mno, na pengine ndiyo maana watu wanaizunguka. Kila malipo ya mwezi, na hasa hesabu ya bonasi, yaje na mambo manne yameandikwa: wastani wa bei ya chai ya kiwanda kwa dola kwa kilo, kiwango kilichotumika kubadilisha dola hizo, kiwango kilichotangazwa na Benki Kuu ya Kenya siku hiyo, na makato yote yaliyofanywa kati ya dola na shilingi. Ujumbe wa simu unatosha. Kwa mfano, kabla ya orodha ya makato: "Chai ya Mei, wastani dola 2.20. Imebadilishwa kwa 128.60. Benki Kuu 129.20." Huo ni mstari mmoja na nusu. Kwenye ubao wa kiwanda, pale Litein, Momul, Kapkoros au Mogogosiek, pawekwe maelezo marefu zaidi: dola ziliingia lini, zilibadilishwa lini, benki gani zilitoa bei, na ipi ilichaguliwa.

Tunajua visingizio, kwa sababu tumevisikia vyote.

Kisingizio cha kwanza ni kwamba kiwanda huuza chai mara nyingi, kwa bei tofauti, na dola huingia kwa mafungu. Sawa. Kompyuta inayoweza kugawa bonasi kwa maelfu ya wakulima hadi senti ya mwisho inaweza pia kutoa wastani wa mwezi. Kila mara dola zinapouzwa kwa benki, kuna hati yenye tarehe, kiasi na bei. Hati hizo zipo tayari. Kinachotakiwa ni kuzijumlisha na kuzionyesha.

Kisingizio cha pili ni siri ya biashara. Siri dhidi ya nani? Bei za mnada wa Mombasa hutolewa kila wiki. Madalali wanazo, wanunuzi wanazo, waandishi wa habari wanazo. Kiwango cha dola cha Benki Kuu hutangazwa kila siku ya kazi. Benki inayonunua dola inajua imelipa kiasi gani. Katika mlolongo wote huo, asiyejua ni mmoja tu, na ndiye mwenye mali.

Kisingizio cha tatu kinaudhi zaidi: mkulima hataelewa. Huyu ni mtu anayelipa karo za sekondari na vyuo, anayekopa na kurudisha, anayejua mfuko wa mbolea utamtoshea miche mingapi. Ataelewa. Asipoelewa siku ya kwanza, atamuuliza jirani, na siku ya pili wote wawili wataelewa.

Kisingizio cha nne ni kwamba taarifa nyingi zitazua vurugu. Vurugu tunazo tayari. Watu wakikosa habari hujaza pengo kwa uvumi, na uvumi wa bonasi katika masoko ya Bureti na Konoin una kasi kuliko gari la majani. Anayetaka utulivu aweke namba ukutani.

Baadhi ya wasomaji watauliza sheria inasemaje. Kwanza, ikumbukwe kwamba zamani aliyeuza bidhaa nje alibanwa na Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni, na Serikali ndiyo iliyoamua dola zitakwenda wapi. Sheria hiyo ilifutwa 1995. Tangu hapo muuzaji anaweza kuweka dola kwenye akaunti ya benki hapa nchini na kuzibadilisha kwa bei anayokubaliana na benki. Kiwango cha Benki Kuu ni cha mwongozo. Benki hailazimiki kukifuata. Huo ni uhuru mzuri kwa biashara. Tatizo ni kwamba uhuru huo umeishia mikononi mwa wanaoshika dola kwa niaba ya mkulima. Mkulima mwenyewe hakuachiwa hata haki ya kuarifiwa.

Pili, Sheria ya Chai ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, ililenga kufupisha njia ya pesa. Ilitaka mapato ya mnada yaingie moja kwa moja kwenye akaunti za viwanda ndani ya siku 14 baada ya mnada. Kisha kiwanda, ndani ya siku 30 baada ya kupokea pesa, kimlipe mkulima angalau nusu ya thamani ya majani yake, na salio liwe bonasi. Kesi zilipelekwa mahakamani na baadhi ya vifungu vikasimamishwa. Mawakili wamebishana vya kutosha. Lakini hakuna amri ya mahakama inayohitajika ili kiwanda kiandike kiwango cha dola kwenye ujumbe wa simu. Bodi ya wakurugenzi inaweza kuamua hivyo katika kikao kimoja cha asubuhi.

Suala la tarehe lina uzito wake, na halitakiwi kupitwa juu juu. Mwaka wa hesabu wa viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala unaosimamia viwanda vya wakulima wadogo, huishia Juni 30, na bonasi hulipwa karibu na Oktoba. Majani yaliyochumwa Julai yanaweza kusubiri salio lake kwa miezi 15. Katika muda huo dola inaweza kupanda na kushuka mara kadhaa. Basi ni kiwango cha siku ipi kilichotumika? Kama dola zilibadilishwa mara tu zilipoingia, sema hivyo na uonyeshe tarehe. Kama ziliwekwa kwa matumaini kwamba zitapanda, nani aliamua, na kwa idhini ya nani? Aliyeshikilia dola mwishoni mwa 2023 alionekana mjanja kwa miezi michache. Aliyezishikilia Januari 2024 akaja kuziuza Agosti alipoteza karibu shilingi 30 kwa kila dola. Kukaa na dola za watu ukingoja bahati ni kubahatisha kwa mali isiyo yako, na anayebahatisha kwa mali ya wenzake hana budi kuwaeleza.

Na huku salio likisubiriwa, maisha hayasubiri. Mkulima anakwenda kukopa, kwa sacco, kwa benki au kwa Greenland Fedha, kampuni tanzu ya KTDA inayowakopesha wakulima. Analipa riba ili avuke miezi ambayo pesa za majani yake zimo kwenye akaunti fulani. Kama akaunti hiyo ilizaa faida, faida hiyo nayo iandikwe ni kiasi gani na ilikwenda wapi. Wakulima hawajasahau kwamba benki za Imperial na Chase zilipoanguka 2015 na 2016, pesa za chai zilinaswa humo. Kujua pesa ziko benki gani ni jambo la usalama.

Kuna pia mbolea. KTDA huagiza mbolea ya NPK kutoka nje kwa wingi, na mkulima hukatwa gharama kwenye malipo yake. Shilingi ilipokuwa dhaifu, tuliambiwa mbolea ni ghali kwa sababu ya dola. Shilingi ilipopata nguvu, tuliambiwa bonasi ni ndogo kwa sababu ya dola. Huenda maelezo yote mawili ni sahihi. Basi tuoneshwe kiwango kilichotumika kununua mbolea kando ya kiwango kilichotumika kuuza chai. Dola ikihesabiwa kwa bei ya juu mkulima anaponunua, na kwa bei ya chini anapouza, tutaiona kwa macho.

Tuje kwenye jeraha la zamani: kwa nini wa Murang'a na Meru hupata bonasi kubwa kuliko wa magharibi ya Bonde la Ufa? Tunaambiwa chai ya mashariki hupata bei nzuri zaidi mnadani, na bei za mnada zinathibitisha hilo kwa sehemu kubwa. Ubora wa uchumaji, sifa ya chai sokoni na madeni ya viwanda vyote vina mchango. Lakini dola ni ile ile kila mahali. Viwanda vya Kericho na Murang'a vikionyesha viwango vinavyolingana kwa siku zinazolingana, tutajua kwamba tatizo letu liko kwenye majani, gharama na mikopo, nasi tutalishughulikia huko: kuchuma majani mawili na chipukizi bila kuchanganya manyasi, kulazimisha viwanda vipunguze madeni, kutafuta wanunuzi wapya. Viwango vikitofautiana, tutajua pa kubisha hodi. Kwa vyovyote vile tutaacha kupigana gizani.

Soko lenyewe haliturahisishii kazi. Pakistan, mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote, ilipoishiwa dola mwaka 2022 na 2023, waagizaji wake walihangaika kupata hati za benki zinazomhakikishia muuzaji malipo, na mizigo ikakwama. Machi 2025 Sudan ilisimamisha uagizaji wa bidhaa zote za Kenya, chai ikiwemo, kwa ugomvi wa kisiasa ambao mchumaji wa Sotik hakuusababisha. Bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa mnadani, dola 2.43 kwa kilo, iliyowekwa 2021 Peter Munya akiwa Waziri wa Kilimo, ilikusudiwa kumlinda mkulima. Chai nyingi ikabaki maghalani bila mnunuzi, na 2024 bei hiyo ikaondolewa. Hatuwezi kuiamuru Islamabad wala Khartoum. Kuandika kiwango cha dola kwenye karatasi ya malipo kunategemea watu tunaowachagua sisi wenyewe.

Baada ya namba kuwekwa wazi, maamuzi mengine yatakuwa mepesi. Kiwanda kitaweza kuomba bei kwa benki tatu kabla ya kuuza dola, na kuonyesha kwamba kiliomba. Kitaweza kukubaliana na benki mapema kuhusu bei ya dola zitakazoingia miezi mitatu ijayo, kama wauzaji wengine wa nje wanavyofanya, ili shilingi isikiyumbishe. Wakulima wanaweza kukubali au kukataa njia hizo. Lakini waamue wakiwa na hesabu mkononi.

Kwa hiyo kila mmoja abebe mzigo wake. Bodi ya Chai ya Kenya itoe agizo kwa viwanda vyote, vya KTDA na vya kampuni binafsi zinazonunua majani ya wakulima wa nje ya mashamba yao, kwamba hakuna malipo yatakayotolewa bila kiwango cha dola na tarehe yake. Wizara ya Kilimo iache kuahidi mageuzi makubwa kila msimu na isimamie hili dogo hadi likamilike. KTDA, yenye mitambo ya kutuma ujumbe kwa zaidi ya wakulima 600,000, ianze na malipo ya mwezi ujao bila kusubiri kulazimishwa. Kama hesabu ni safi, KTDA ndiyo itakayofaidika kwanza, maana itapumzika na tuhuma za kila Oktoba.

Nawe mkulima, usikae pembeni. Wakurugenzi wa kiwanda chako waliingia kwa kura yako. Kabla ya mkutano mkuu ujao, andika barua ya mistari mitatu, itieni saini wewe na majirani wa kituo chako, na mtake jambo hili liwekwe kwenye ajenda: bei ya dola, kiwango, tarehe, benki. Mkurugenzi akisema atalichunguza, mwulizeni lini. Akisema ni gumu, mwombeni hati za benki mzijumlishe wenyewe. Na anayekuja kuomba kura akashindwa kusema dola za kiwanda zilibadilishwa kwa ngapi mwaka jana, asipewe kura hiyo.